Moto Uliotembea Sakafuni

Saa nane na nusu mchana, kila siku ya shule, msichana mmoja wa darasa la sita alifika kwenye duka la dobi akiwa na begi mgongoni na habari tele mdomoni. Begi aliliweka chini ya kaunta. Habari hakuziweka popote, alizimwaga zote kwa mama yake hata kabla hajavua viatu: nani kachelewa, nani kalia, nani kateleza akaangukia dimbwi. Wenzake walimpachika jina la Redio, na jina likamganda mpaka nyumbani. Hata mama yake alipochoka kusikiliza alimwambia, "Redio, hebu punguza sauti kidogo, betri zitaisha."

Lakini tatizo la Redio halikuwa kusema sana tu. Alikuwa pia na tabia ya kuongeza chumvi. Mteja akileta koti lenye mifuko sita, habari ikifika shuleni koti lilikuwa na mifuko kumi na sita, na mmojawapo ulikuwa na panya. Watu walimpenda na walicheka naye, ila kumwamini lilikuwa jambo jingine.

Mama yake aliitwa Mama Dobi na mtaa mzima. Duka lake lilikuwa chumba kimoja kirefu chenye milango miwili. Mbele, karibu na mlango wa barabarani, palikuwa na kaunta na meza ya kupigia pasi. Nyuma kabisa, karibu na mlango wa uani, palikuwa na meza ya kutolea madoa. Katikati zilipita kamba za kutundikia nguo zilizokamilika, makoti na magauni yamebanana mpaka mtu wa huku hamwoni wa kule. Sakafu ilikuwa ya saruji, na kila mlango ulikuwa na kizingiti cha kuzuia maji ya mvua.

Redio alikuwa na kazi zake. Alitia mkaa kwenye pasi, akaupepea mpaka ukakolea. Alikagua vifungo. Alishonea kila nguo kitambaa kidogo chenye namba ya mteja, ili shati la huyu lisiende kwa yule. Kazi moja tu hakuruhusiwa kuigusa, nayo ni dawa ya madoa.

Dawa hiyo ilikuwa nyeupe kama maji, ukiitazama tu huwezi kuitofautisha nayo. Tone moja likidondokea mkononi, ngozi ilipata ubaridi mkali, na kabla hujahesabu kumi tone lilikuwa limekwisha kukauka. Doa la grisi lililoshinda sabuni na maji ya moto, hapo lilinyoosha mikono. Mama Dobi aliinunua katika kopo la bati lenye picha ya mwali wa moto ubavuni. Picha hiyo walikuwa wameiona kila siku kwa miaka mingi, mpaka wakawa hawaioni tena.

Kuhusu moto, Mama Dobi alikuwa na sheria moja aliyoirithi kwa mama yake, ambaye naye alikuwa dobi: pasi chini, nguo juu. Pasi ya mkaa ikipumzika haikai mezani, maana hapo ndipo ilipowahi kuunguza suruali ya bwana harusi asubuhi ya harusi yenyewe. Inawekwa juu ya tofali, sakafuni. Nayo dawa ya madoa inakaa juu ya meza, mwisho wa chumba, hatua nane kutoka kwenye tofali. Mama Dobi alipenda kusema kwamba hata kiroboto akibebeshwa kaa la moto atachoka kabla ya kufika. Kwa miaka kumi na mmoja sheria ile haikumwangusha.

Jumamosi moja asubuhi Mama Dobi aliamka na mafua mazito. Tundu zote mbili za pua zilikuwa zimeziba, lakini kazi haina mafua. Hoteli moja ilikuwa imeleta makoti matano ya wapishi, yamejaa grisi kuanzia kola mpaka pindo. Kwa kawaida alitia dawa kidogo kwenye kitambaa akasugua. Siku hiyo aliona atachelewa, akamimina karibu nusu kopo kwenye beseni pana, akaanza kuyalowesha makoti moja moja.

Redio alikuwa amekwisha kuwasha pasi na kuiweka kwenye tofali, mkaa ukiwa bado unatoa ndimi ndogo za moto. Alipopita nyuma kuchukua uzi, akamkuta kuku wa jirani amesimama juu ya mashuka meupe yaliyokunjwa. Akamfukuza. Akarudi. Akamfukuza tena. Mara ya tatu akaona huyu kuku ana kichwa kigumu kuliko yeye, akausukuma mlango wa uani, ukafungika. Mama yake alikuwa ameupa mgongo mlango, ameinamia beseni, hakuona. Redio akarudi mbele, akaketi kwenye kizingiti cha barabarani na kuendelea kushonea namba.

Hata nusu saa haikupita. Redio aliinua macho kutafuta mkasi, akauona mwali wa buluu unaruka kutoka kwenye tundu za pasi. Haukupanda juu kama moto anaoujua. Ulishuka, ukatandaza mwili wake sakafuni, ukakimbia chini ya makoti kuelekea nyuma. Kisha akasikia sauti ya vuu, na mama yake akapiga kelele.

Beseni lilikuwa linawaka. Mama Dobi alinyakua ndoo ya maji iliyokuwa karibu, akamwaga yote. Watu husema dawa ya moto ni maji, lakini siku hiyo maji yalifanya kinyume. Dawa ilielea juu ya maji huku inawaka, ikafurika ukingoni mwa beseni, na moto ukamwagika pamoja nayo mpaka mezani. Redio alikuwa ametoka mbio, amezunguka kwa uchochoro wa pembeni, akausukuma mlango wa uani kutoka nje. "Mama, toka!" Mama Dobi, macho yake yote kwenye moto, hakugeuka wala hakutoka. Aliburuta blanketi lililolowa maji kutoka kwenye pipa, akalitupa juu ya beseni na meza, akaligandamiza pembezoni. Moto ukakosa hewa, ukafa.

Makoti mawili yaliteketea. Mkono wa kushoto wa Mama Dobi uliungua mgongo wa kiganja, ukafungwa bandeji zahanati. Watu walisema ni bahati, na kweli ilikuwa bahati.

Jioni ile alikuja mwenye nyumba, seremala mstaafu aliyeishi na familia yake upande wa pili wa ukuta. Hakuwa mtu mbaya, ila alipenda kila jambo linyooke kama ubao uliopigwa randa. Alitembea chumba kizima mikono nyuma, akauliza moto umetoka wapi. Mama Dobi akajibu kwamba hajui. Mzee akasema wazi anavyodhani: pasi iliwekwa mezani kando ya dawa, na sasa watu wanaona haya kusema. Mama Dobi akaapa kwamba pasi ilikuwa kwenye tofali lake. Ndipo Redio, ambaye alikuwa amejizuia kwa dakika tatu nzima, akaeleza alichokiona: moto ulianzia kwenye pasi, ukatembea sakafuni mpaka kwenye meza.

Mwenye nyumba alimtazama, kisha akacheka kidogo. "Ulitembea? Ulivaa viatu au ulikuwa pekupeku?"

Redio aliona uso wake unachoma. Akamgeukia mama yake, lakini mama naye alitazama sakafu ile ya saruji, ambayo haina nyasi wala karatasi ya kushika moto, akanyamaza. Kunyamaza kwake kulimuuma Redio kuliko kicheko cha mzee.

Mwenye nyumba akauliza kama mlango wa uani ulikuwa wazi, maana dawa ile ina harufu ya kulewesha. Mama Dobi akamwambia kwamba akifanya kazi ya madoa huuacha wazi siku zote. Akamgeukia binti yake. "Si ulikuwa wazi?"

Redio akatikisa kichwa kukubali. Kilikuwa kitendo kidogo tu. Alijiambia kwamba mlango hauwashi moto, na kwamba akisema sasa atazidi kuchekwa.

Mzee akatoa uamuzi wake. "Mama Dobi, wewe ni mpangaji mzuri, sikatai. Lakini moto unaojulikana ulikotoka, mtu anauzibia njia. Usiojulikana utarudi. Nina wajukuu wanne wanalala nyuma ya ukuta huu. Nipe sababu ya moto kabla ya Ijumaa. Ukishindwa, utafute chumba kingine."

Chumba kingine hakikuwepo. Mtaa ule ndio uliokuwa na wateja, bomba la maji na ua wa kuanikia. Duka likihama, wateja wa miaka kumi na mmoja hawatahama nalo. Usiku ule Mama Dobi alikaa akigeuza geuza mkono wake wenye bandeji, kama mtu anayeukagua kama bado unafaa.

Redio aliamua. Moto aliuona kwa macho yake mawili, na safari hii hakuongeza chumvi hata chembe. Kama maneno yake hayana uzito, basi atatafuta kitu chenye uzito.

Jumapili asubuhi aliingia dukani na futi ya fundi cherehani. Akapima: kutoka kwenye tofali mpaka meza, sawa na hatua zake nane ndefu. Akachora chumba kizima kwenye daftari. Akapiga magoti akikagua sakafu, lakini mama yake alikuwa ameideki, na alama zilikuwa zimekwenda na maji. Karibu akate tamaa. Kisha, akiwa bado amepiga magoti, akainua macho akaziona nguo zilizotundikwa katikati ya chumba. Zile fupi hazikuwa na kitu. Magauni marefu na makoti yaliyokaribia sakafu yalikuwa yamebabuka pindoni, upana wa vidole viwili tu. Juu ya hapo hayakuwa na alama yoyote.

Akamwita mama yake. Mama Dobi alishika pindo la kwanza, la pili, la tatu. Kwa miaka mingi alikuwa anasoma nguo kama watu wengine wanavyosoma gazeti, na pindo lile alilisoma mara moja. Akaliachia, akasema, "Huu moto umepita chini." Redio alihisi anataka kulia kwa furaha.

Jumatatu wakati wa mapumziko alikwenda kwa mwalimu wa sayansi. Wanafunzi walimwita Mwalimu Kwanini, kwa sababu ukimuuliza swali alikurudishia jingine. Redio akamsalimu shikamoo, akafungua daftari, akaeleza kila kitu kwa mpangilio, bila panya na bila mifuko kumi na sita. Mwalimu hakucheka. Aliuliza dawa inanuka vipi, inakauka upesi kiasi gani, na maji yalipomwagwa ilikuwaje.

Kisha naye akaeleza. Dawa ile hutengenezwa kutokana na mafuta ya petroli, katika jamii ya vitu vinavyoitwa haidrokaboni. Ndugu zake ni petroli na mafuta ya taa. Huyeyusha grisi kwa sababu grisi nayo ni ya ukoo wa mafuta, na mafuta hukubaliana na mafuta mwenzake. Na maji haielewani nayo kabisa. Ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo huelea juu yake, na ikiwa inawaka huelea huku inawaka.

"Lakini hiyo si habari kubwa," alisema. "Ubaridi ule unaousikia mkononi unatoka wapi?"

Redio akautazama mkono wake.

"Unatoka kwenye kugeuka mvuke. Dawa hii haingoji kuchemshwa, inageuka mvuke hapo hapo ilipo, na ikigeuka inanyonya joto la ngozi yako. Huo mvuke huuoni. Nao ni mzito kuliko hewa. Sasa niambie, kitu kizito kikitoka mezani kinakwenda wapi?"

"Chini," Redio alisema. "Kinakwenda chini, sakafuni. Mpaka kwenye pasi."

Mwalimu akakubali. Mvuke ulishuka, ukatambaa, ukaikuta pasi inausubiri kwenye tofali. Ukashika moto, na moto ukarudi kwa njia ile ile uliyopitia mvuke, mpaka kwenye beseni. Akaahidi kuja Alhamisi baada ya masomo, awaonyeshe watu wazima kwa macho. Redio alikuwa amekwisha kugeuka aondoke akiruka ruka, mwalimu alipoongeza neno moja. Jambo hilo, alisema, hutokea mahali ambapo hewa imetulia. Upepo ukipita, mvuke hutawanyika.

Redio hakuruka ruka tena. Alitembea mpaka darasani polepole, na kwa mara ya kwanza katika mwaka mzima jirani yake wa dawati akamuuliza kama anaumwa.

Jumanne alinyamaza. Jumatano alinyamaza. Mara mbili alifungua mdomo mbele ya mama yake, na mara mbili akasema kitu kingine. Alimwona mama yake anavyofanya kazi kwa mkono mmoja, anavyokagua pasi mara tano tano, anavyonusa kopo na kurudi nyuma. Alijifariji kwamba huenda mambo ya mlango hayataulizwa. Mficha maradhi, waliosema walisema, kifo humuumbua.

Alhamisi saa kumi jioni walikusanyika uani: Mama Dobi, mwenye nyumba, mwalimu na Redio. Mama Dobi akamwonyesha mzee magauni yaliyobabuka pindoni, lakini mzee akasema moto wa beseni nao ungeweza kuyafikia. Mwalimu alikuja na kipande cha mfereji wa bati wa kukingia maji ya mvua, urefu wa mtu mzima, na ndoo mbili za mchanga. Aliegemeza mfereji juu ya kigoda ukainama, akawasha mshumaa mfupi chini, mwishoni mwake, akawaamuru wote wasimame hatua sita nyuma. Redio akaambiwa asimame nyuma ya watu wazima. "Na jambo hili halifanywi na mtoto," mwalimu alisema, "wala na mtu mzima asiyejua anachofanya." Akalowesha kitambaa kwa dawa kijiko kimoja tu, akakiweka juu kabisa ya mfereji kwa koleo refu, akarudi nyuma.

Wakangoja. Mshumaa ukawaka kwa utulivu, ukapepesuka kidogo, ukaendelea kuwaka. Dakika moja. Dakika mbili. Kitambaa kikakauka na hakuna kilichotokea.

"Mwalimu," mwenye nyumba akasema, "naona leo huu moto umechoka kutembea."

Mwalimu hakuudhika. Alilowesha kidole akakiinua juu, akasema kuna upepo unaokatiza uani, nao umeutawanya mvuke. Hapo ndipo yule seremala, ambaye hakuwahi kuacha msumari haujazama, akauliza swali ambalo Redio alikuwa akilikimbia tangu Jumatatu. Kama upepo unaharibu jambo hili, basi hata Jumamosi ile lisingewezekana. Mama Dobi alimwambia mlango wa uani ulikuwa wazi. Mtoto naye alikubali.

Mama Dobi akasema ni kweli, ulikuwa wazi, yeye huuacha wazi siku zote.

"Basi hadithi imekwisha," mzee akasema, akaanza kugeuka. "Pasi ilikuwa mezani, na kesho ni Ijumaa."

Redio alimwona mama yake anaushika ule mkono wenye bandeji. Kwa siku tano alikuwa anadai aaminiwe kila neno, kumbe neno moja alikuwa amelikalia. Akasogea mbele.

"Haukuwa wazi," alisema. Sauti ilitoka ndogo, akairudia. "Mlango haukuwa wazi. Niliufunga mimi, kuku alikuwa anaingia kwenye mashuka. Moto ulipowaka nikazunguka nikaufungua kwa nje. Mama aliponiuliza nikatikisa kichwa. Niliongopa, mama. Na Jumatatu Mwalimu aliponieleza habari ya upepo, nikajua, na bado nikanyamaza."

Mama Dobi alimtazama mpaka Redio akatamani ardhi ipasuke immeze. Alitegemea kugombezwa, lakini mama yake alisema kwa sauti ya chini, "Nami nikamhakikishia mzee kwamba ulikuwa wazi." Aibu iliyokuwa kwenye maneno yale Redio hakuwahi kuisikia kwa mama yake, naye alilia pale pale mbele ya mwalimu bila kujificha.

Mwalimu akaupeleka mfereji kwenye pembe ya ua, kuta mbili zinapokutana, akaomba ubao wa kukinga upande uliobaki. Mwenye nyumba mwenyewe akaenda kuuleta. Mshumaa ukawashwa tena chini, kitambaa kipya kikawekwa juu. Wakangoja, Redio akifuta macho kwa mkono wa sare.

Safari hii hawakungoja sana. Mshumaa uliruka kidogo, na mwali wa buluu ukapanda ndani ya mfereji kutoka chini mpaka juu, kwa muda wa kupepesa jicho, ukakishika kitambaa. Mwenye nyumba alirudi nyuma akagonga pipa. Mwalimu akafunika kitambaa kwa mchanga, ukawa mwisho wa moto.

"Ulikuwa pekupeku," mzee akasema polepole. Lakini hakucheka, na alipomwangalia Redio hakumwangalia kama zamani.

Mama Dobi alikuwa ameketi kwenye kigoda. Alisema, kama anayeongea peke yake, kwamba miaka yote hiyo alikuwa anaiweka pasi kwenye njia ya mvuke. Kama si mlango kuwa wazi, na dawa kuwa kidogo kwenye kitambaa, moto ungekuja zamani. Mwalimu akamwambia kwamba sheria ya mama yake haikuwa mbaya, iliokoa suruali nyingi. Ilitungwa kwa ajili ya nguo, si kwa ajili ya dawa. Kila kitu lazima ukijue tabia yake ndipo ukitungie sheria.

Wakapanga kabla jua halijazama. Kazi ya madoa itahamia uani, chini ya paa dogo la mabati ambalo mzee aliahidi kulipigilia mwenyewe, na pasi haitawashwa kazi hiyo ikiendelea. Kopo litafungwa kifuniko kila baada ya kumimina. Hakuna kumimina kwenye beseni tena. Ndoo ya mchanga na blanketi zito vitakaa karibu, na maji yatabaki kwa kufulia. Na moto ukitokea, Redio kazi yake ni moja, kukimbia nje na kuita watu. Mwenye nyumba akasema chumba ni cha Mama Dobi, na habari za Ijumaa zisahauliwe.

Walipobaki wawili, Redio alingoja adhabu. Mama Dobi alimvuta akamketisha karibu naye.

"Kufunga mlango si kosa, mwanangu, hukujua, na mimi mwenyewe sikujua. Kosa ni kile kichwa ulichotikisa. Siku tano nimekaa nikijiuliza kama nilimwaga dawa sakafuni nikasahau, kama akili yangu imeanza kuchoka. Nilikuwa tayari kuacha kazi. Neno lako moja lingeniponya siku ile ile."

Redio aliulaza uso wake begani kwa mama yake, akaomba radhi, na safari hiyo redio ikakaa kimya muda mrefu.

Kesho yake mchana, mwenye nyumba alimkuta Redio dukani anashonea namba. Alimwomba Mama Dobi ruhusa ya kuondoka na binti yake kwa dakika chache. Alikuwa na mpangaji mwingine nyumba ya tatu kutoka pale, fundi viatu, ambaye siku nzima hushinda na kopo la gundi wazi mapajani na jiko la mkaa la chai miguuni. Jana usiku, mzee alisema, alilala vibaya akimfikiria.

"Si ungemwambia wewe, Mzee?" Redio akauliza.

"Mimi sikuuona. Wewe uliuona. Twende, utasema wewe, nami nitasimama tu."

Fundi viatu alipomwona Redio mlangoni aliweka sindano chini akacheka. "Haya, Redio, tuletee taarifa. Leo panya kaingia mfuko wa ngapi?"

Redio alilitazama lile jiko, makaa yake mekundu, na kopo la gundi lililo wazi. Alikuwa na hadithi tamu ya kusimulia, yenye mwali wa buluu na beseni linalowaka, na angeweza kuanza popote. Akavuta pumzi.

"Fundi, shikamoo. Nianze na kosa langu," alisema. Akaeleza habari ya kuku, na mlango, na kichwa alichotikisa. Kisha akaeleza mvuke mzito usioonekana, unaotoka kwenye dawa, kwenye petroli, hata kwenye gundi kama ile, unavyotambaa chini kutafuta moto. Fundi viatu aliacha kucheka tangu habari ya mlango. Alipomaliza kusikiliza hakuuliza swali hata moja. Alifunika kopo lake la gundi, akaliinua jiko pamoja na birika lake, akalitoa nje mpaka ng'ambo ya uchochoro, akarudi akifuta mikono.

"Umemwamini upesi," mwenye nyumba akamwambia. "Mimi nilitaka nionyeshwe kwa mfereji wa bati."

"Ningebishaje, Mzee?" fundi viatu akajibu. "Mwongo huanza na makosa ya wenzake. Huyu ameanza na la kwake."

Mwenye nyumba akamwekea Redio mkono begani. "Umesikia, mjukuu wangu? Mtu akisema ukweli wote, hata ule unaomuumiza mwenyewe, hana haja ya kuapa ili aaminiwe."